Daftari Linalomtetea Mhudumu

Katika maduka mengi ya rejareja utaikuta imebandikwa ukutani, karibu na kalenda: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimelelewa na methali hiyo, na kazi yangu ya uhasibu imenifanya niirudie mbele ya watu wengi. Lakini tangu nilipomsaidia mama yangu mdogo kuweka programu ya uhasibu katika mgahawa wake, naona wahenga walituachia nusu ya maneno. Waliitaja mali, wakanyamaza kuhusu watu. Pasipo na daftari, kabla mali haijaisha, tayari kuna mtu ameshashukiwa. Na mara nyingi anayeshukiwa ni yule asiye na sauti.

Mgahawa wenyewe uko Kinondoni, Dar es Salaam. Asubuhi kuna chai, chapati, supu na maharage. Mchana wali, ugali, samaki na pilau, na Ijumaa biriani. Jioni chipsi na mishikaki. Wafanyakazi wa maofisi huingia na vitambulisho vyao shingoni, bodaboda huegesha nje na kula upesi. Mama Mdogo alianza akiwa mama ntilie mwenye sufuria mbili, na jambo hilo hulitaja kila anapotaka kumaliza mabishano.

Hesabu zake zilikaa kwenye kauntabuku mbili. Moja ya mauzo na matumizi, nyingine ya wateja wanaokula kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi, au kusema watalipa. Risiti za gesi zilichomekwa kwenye msumari ukutani. Samaki wa soko la Feri na nyanya za sokoni havikuwa na karatasi yoyote, kwa sababu hakuna anayemwandikia mtu risiti ya tenga la nyanya alfajiri. Fedha zilizolipwa kwa simu zilikuwa zinaingia pengine kwenye lipa namba ya mgahawa, pengine kwenye simu ya Mama Mdogo mwenyewe, kutegemea mteja amekariri namba ipi.

Usiku droo ilihesabiwa, na mara kwa mara ilipungua. Upungufu huo uligawanywa kati ya dada wa kaunta na wahudumu, ukakatwa kwenye mishahara. “Ndio utaratibu wa migahawa yote,” aliniambia, na kwa kweli nimeuona kwingine pia. Binti mmoja aliyekuwa akihudumu meza za nje aliondoka kabla sijafika. Hakufukuzwa. Alisemwasemwa tu mpaka akachoka.

Kuhusu kuchagua programu, sitamchosha msomaji. Kuna QuickBooks ya Wamarekani, Tally ya Wahindi, Odoo iliyoanzia Ubelgiji, na nyingine zinazotengenezwa na vijana wetu hapahapa. Zote zinajua kujumlisha. Nilitazama mambo machache: iendelee kufanya kazi intaneti ikikatika, kila mtu awe na jina lake la kuingilia, na mauzo ya kaunta yaingie kwenye vitabu bila mtu kuyanakili upya. Anayekuuzia atakuonyesha michoro ya rangi inayopanda na kushuka. Mwambie akuonyeshe jinsi ya kurekebisha bili iliyokosewa. Hapo ndipo utajua umeletewa nini.

Kazi ngumu ilianza kwenye orodha ya hesabu. Kabla haijapokea shilingi moja, programu inataka uiambie mafungu yako: mali, madeni, mtaji, mapato, matumizi, na chini ya kila fungu vijina vyake. Tulikaa meza ya pembeni watu wa mchana walipokwisha kuondoka. Kodi ya pango, gesi, mkaa, umeme, maji, mishahara, hayo yalikwenda haraka. Kisha tukafika kwenye ada ya mjukuu, ambayo ilitoka droo ileile. Na michango ya harusi. Na mafuta ya gari. Na mchele unaobebwa nyumbani kila wiki.

“Yaandike matumizi,” alisema.

“Matumizi ya nani, Mama?”

“Ya mgahawa. Kwani mgahawa si wangu?”

“Ni wako. Lakini ada ya mtoto haimpikii mteja wali.”

Akanitazama. “Kwa hiyo nikichukua hela yangu mwenyewe naandikwa kama mwizi?”

“Unaandikwa kama mwenye mali. Hela hiyo ina sehemu yake, chini ya mtaji: fedha alizochukua mwenye biashara kwa ajili yake.”

Alicheka, lakini siku hiyo hakukubali, na mimi sikumlazimisha. Vitabu vya uhasibu vinachukulia kwamba biashara na mwenye biashara ni watu wawili, kana kwamba jambo hilo linajulikana tangu kuzaliwa. Kwetu halijulikani hivyo. Droo ya mgahawa ndiyo bima ya ukoo, ndiyo benki, ndiyo inayotoa sanda mtu akifariki usiku. Mama Mdogo amesomesha watoto wa ndugu zake kwa droo hiyo, nami nimo. Siwezi kumjia na kanuni ya kitabuni kana kwamba alichokifanya kilikuwa ujinga.

Nilichomwonyesha ni hesabu ya miezi iliyopita, kwa kadiri kauntabuku ilivyoweza kusema. Tukiweka ada, harusi na mafuta ya gari ndani ya matumizi ya mgahawa, biashara inaonekana inapata hasara. Tukiyatoa na kuyaweka mahali pake, kumbe ina faida. Miaka yote alikuwa akiwaambia wafanyakazi kwamba biashara haina kitu, na alisema kweli kwa jinsi alivyoiona. Faida ilikuwepo, ililiwa kabla haijahesabiwa, tena ililiwa kwa mambo ya heri. Mishahara haikupandishwa kwa sababu ya hasara ambayo haikuwepo. Hilo ndilo lililomgusa, kuliko kanuni yoyote niliyomtajia. Wiki iliyofuata alijipangia kiasi maalumu cha kuchukua kila Jumamosi, na kila kinachozidi hapo huandikwa kwa jina lake.

Hapa nimkumbuke Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha hesabu huko Venice mwaka 1494. Watu humwita baba wa uhasibu, ingawa hakuubuni. Alieleza utaratibu ambao wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiutumia tayari. Anamtaka mfanyabiashara aanze kwa kuorodhesha kila alichonacho, akitanguliza vyenye thamani na vilivyo rahisi kupotea, kama vile fedha taslimu na vito. Kisha anaeleza vitabu vitatu. Viwili vya mwisho kila mhasibu anavijua: jarida na leja. Cha kwanza ndicho kinachonivutia. Ni kitabu cha kumbukumbu za papo hapo, ambamo mwenye mali asipokuwepo, yeyote wa nyumba yake anayejua kuandika, awe mtumishi au mwanamke wa nyumbani, anaandika kilichotokea kama kilivyotokea.

Wanaoweka programu kwa pupa huanza kwa kukitupa kitabu hicho cha kwanza. Wanakusanya kauntabuku zote, wanaleta kompyuta, na kuanzia kesho kila kitu kiandikwe humo. Muuza maziwa anafika saa kumi na mbili asubuhi, mpishi ana unga mikononi, kompyuta imezimwa na dada wa kaunta bado yuko kwenye daladala. Maziwa yanapokelewa, hayaandikwi, na mwisho wa mwezi muuza maziwa anadai fedha ambazo hakuna anayezikumbuka. Mimi kauntabuku niliiacha palepale, ikiwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mpishi anaandika “maziwa lita 10, hatujalipa” na kuweka sahihi, na kabla ya mchana dada wa kaunta anayaingiza kwenye programu.

Kuhesabu stoo kulitupotezea usingizi. Tulichagua tarehe mosi iwe siku ya kuanzia, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo mgahawa ulifungwa mapema na sisi tukaingia na mizani. Mgahawa hununua kwa vipimo vya soko na kutumia kwa vipimo vya jikoni, na vipimo hivyo havisalimiani. Nyanya zinanunuliwa kwa tenga, vitunguu kwa gunia, ndizi kwa mkungu, mafuta ya kula kwa dumu la lita 20. Jikoni nyanya inatoka moja moja, mafuta kwa upawa, bizari kwa ncha za vidole. Trei ya mayai ni 30 na kreti ya soda ni chupa 24, hayo programu iliyapokea bila neno. Tenga je? Tenga la wakati nyanya zimejaa sokoni na tenga la wakati zimeadimika si tenga moja, hata kama yamefumwa na mkono mmoja. Tukaamua kila kinachoingia kipimwe kwa kilo mlangoni, na muuzaji akiwepo.

Kulikuwa na chupa tupu pia. Kreti na chupa zake zimelipiwa amana, kwa hiyo ni mali. Lakini kwa kuwa ziko nyuma ya choo chini ya turubai, hakuna aliyeziona kuwa ni fedha. Zikivunjika au zikiazimwa kwenye shughuli ya jirani, pengo linatokea siku ya kununua soda, na anayeulizwa ni kijana wa stoo.

Mpishi mkuu ni mtu mzima. Wote humwita Mzee, hata Mama Mdogo. Mizani ya jikoni aliitazama kama mgeni aliyekuja bila kubisha hodi. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda chake cha pili.

“Mwanangu,” alisema, “mkono huu haujawahi kumpunja mtu.”

Nikamwambia sikuja kuupima mkono wake, nimekuja kuomba uifundishe mizani. Apakue kama kawaida, mimi nitapima pembeni na kuandika. Alikubali, nadhani kwa sababu alitaka nione. Na nikaona. Sahani zake za pilau zililingana kwa namna ambayo kijiko cha kupimia kisingeshinda. Isipokuwa sahani za bodaboda, ambazo zilikuwa nzito zaidi, zote, kila siku.

“Hao wanakula mara moja kutwa nzima,” alieleza bila kuona haya. “Na wanarudi kesho. Wa ofisini anaacha nusu ya sahani, anakwenda kununua soda.”

Mzee alikuwa amefanya utafiti wa wateja ambao makampuni hulipia fedha nyingi. Tatizo ni kwamba utafiti huo ulikaa kichwani mwake, na stoo haikuujua. Kwenye kauntabuku mchele ulionekana unaisha kabla ya wakati, na aliyeshikilia ufunguo wa stoo alikuwa ameshaulizwa mara nyingi anaupeleka wapi. Tulimweleza Mama Mdogo. Nilidhani ataamuru sahani zote zilingane. Alifikiri kidogo akasema bodaboda waendelee kushiba. Basi tukaongeza chakula kipya kwenye programu, pilau kubwa, chenye kiasi chake cha mchele na nyama, bei ikabaki ileile. Ukarimu ule haukuondolewa; umepata mstari wake na gharama yake inajulikana. Kijana wa stoo hajaulizwa tena habari za mchele.

Kupima huko kulituonyesha jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Katika biashara ya migahawa husemwa kwamba gharama ya vyakula isizidi sana asilimia 28 hadi 35 ya bei ya sahani, ili kilichobaki kilipe mishahara, pango, nishati na faida. Pilau na wali maharage vilikuwa salama. Supu ya asubuhi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiisha mapema kuliko vyote na kila mtu aliiita mkombozi wa mgahawa, ilikuwa ikiuzwa karibu sawa na gharama yake. Kitu kinachogombewa na watu kinaweza kuwa ndicho kinachokula mtaji, na macho hayawezi kukwambia hilo, kwa sababu macho yanaona foleni.

Kodi nitaipitia kwa kifupi, maana wengi wanaijua kwa machungu. Mashine za risiti za kielektroniki, yaani EFD, zilianza kutumika Tanzania Bara mwaka 2010, na tangu mwaka 2023 anayelazimika kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Kwa mgahawa uliosajiliwa, mteja akilipa shilingi 11,800 taslimu, shilingi 10,000 ni mauzo na 1,800 ni kodi inayopaswa kufika Mamlaka ya Mapato (TRA) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mgahawa unaumia kuliko duka, kwa sababu mazao ya chakula yasiyosindikwa yamesamehewa kodi hiyo. Ukinunua vitunguu na nyanya hakuna kodi uliyolipa ya kukata kwenye hesabu yako, lakini ukiviuza vikiwa kwenye sahani unatoza yote. Programu ikiwekwa vizuri huitenga ile 1,800 papo hapo na kuiandika kama deni. Mama Mdogo alipoona deni hilo linakua kila siku kwenye kioo, aliniuliza kwa nini nimemwongezea kodi. Sikuongeza kitu. Ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa inalala kwenye droo pamoja na fedha zake na kuamka nayo ikiwa imetumika.

Sasa niseme kuhusu nywila, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko mchele na kodi.

Sistimu ya kaunta ilipowekwa, kila mfanyakazi alipewa jina lake la kuingilia na nywila yake. Haikuchukua muda nikakuta nywila ya dada wa kaunta imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo. Wote walikuwa wanaitumia. Nilipouliza, nikajibiwa kwa tabasamu: “Sisi hapa ni ndugu, tunaaminiana.” Watu haohao ndio waliokuwa wakikatwa mishahara kwa pamoja kila droo inapopungua.

Tuliitana asubuhi kabla ya kufungua mlango. Nilieleza kwamba mtu akitumia nywila ya mwenzake, kazi yake nzuri inaandikwa kwa jina la mwingine na kosa la mwingine linaandikwa kwa jina lake. Walisikiliza. Dada wa kaunta, ambaye hasemi sana, akauliza: “Kwa hiyo mtakuwa mnaona kila tunachofanya?”

Ndiyo, nilisema. Kila bili, kila punguzo, kila oda iliyofutwa, saa na jina.

“Na Mama je? Naye ataonekana?”

Kila mtu aliangalia chini, isipokuwa yeye na Mama Mdogo. Swali hilo halikuwa utovu wa adabu. Lilikuwa swali la kihasibu kuliko yote niliyoulizwa katika kazi ile. Daftari linalomwangalia mmoja tu halina tofauti na mlinzi aliyeajiriwa kumfuata mtu. Nilitaka kujibu, Mama Mdogo akaniwahi. “Naonekana,” alisema. “Mimi ndiye wa kwanza.” Ile karatasi ya nywila ilibanduliwa asubuhi hiyohiyo, na hakuna aliyeambiwa aibandue.

Haukupita muda, droo ikapungua tena. Safari hii hatukumuuliza mtu, tuliuliza vitabu. Tulitoa orodha ya mauzo ya siku kwa njia ya malipo, taslimu upande wake, lipa namba upande wake, mikopo upande wake, tukaanza kulinganisha na ujumbe wa simu. Wateja kadhaa wa zamani walikuwa wamelipa kwenye namba binafsi ya Mama Mdogo, na kwa kuwa lipa namba haikuonyesha kitu, bili zao zilifungwa kama taslimu. Fedha zilikuwepo, kwenye mkoba wake. Kisha ikaonekana kwamba mchana alipiga simu akiwa njiani na kusema “mpe huyo kijana elfu ishirini ya mafuta,” dada wa kaunta akatoa, na hakuna hati iliyoandikwa. Halafu sahani za wafanyakazi wenyewe, ambazo ni haki yao kwa makubaliano, zilikuwa zimepigwa kama mauzo. Tulipoweka kila kimoja mahali pake, kilichobaki kilikuwa tofauti ya chenji.

Sisemi kwamba hakuna wizi kwenye migahawa. Upo, na una mbinu. Mbinu mojawapo ya kawaida ni mhudumu kupokea fedha taslimu kisha kuifuta oda kana kwamba mteja alighairi. Kwa hiyo uwezo wa kufuta oda tuliuacha kwa msimamizi wa kila zamu peke yake, tena kwa kuandika sababu, na kilichofutwa kinabaki kinaonekana. Baadaye msimamizi mmoja alionekana anafuta oda nyingi saa za mwisho za zamu yake, siku nyingi, meza zilezile. Aliitwa, akaonyeshwa, akaondoka. Wenzake walikuja kazini kesho yake kama kawaida, hakuna aliyetazamwa kwa jicho la pembeni. Zamani wangekatwa wote.

Limebaki la sadaka, ambalo hakuna mwongozo wa programu utakaokueleza. Kila Ijumaa baada ya swala, Mama Mdogo hutoa sahani za biriani kwa wazee na mafukara wanaokaa jirani na msikiti. Nilipomwambia zinapaswa kuandikwa, alikataa kabisa. Sadaka hufichwa, alisema. Mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia, na mimi namwambia aiandike kwenye kompyuta! Nilimwelewa. Lakini kwenye stoo mchele wa sahani hizo ulikuwa unatoweka, na kutoweka huko, kama kawaida, kulikuwa kunamwangukia mtu. Tulikubaliana iandikwe idadi ya sahani tu na gharama yake, bila jina la aliyepewa wala sababu. Mstari huo umeitwa “Ijumaa,” basi.

Zaka ilikuwa rahisi zaidi, na hapo programu ilimfurahisha kwa mara ya kwanza. Miaka ya nyuma alikuwa akikadiria na kuongeza kidogo kwa hofu. Zaka ya biashara ni asilimia 2.5, na hesabu yake huangalia fedha zilizopo, bidhaa za kuuzwa na madeni yanayotarajiwa kulipwa. Majiko na meza hazimo. Mwaka wake ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa kalenda tuliyoizoea, na programu haijui Ramadhani inaangukia lini. Haihitaji kujua. Unaipa tarehe yoyote, inakupa mizania ya siku hiyo. Aliipeleka karatasi kwa shehe wake, wakapitia pamoja, akarudi akisema kumbe alikuwa akilipa pungufu mwaka mmoja na zaidi mwaka mwingine.

Yule binti wa meza za nje tulimtafuta kwa simu. Alikuwa ameshapata kazi kwingine na hakutaka kurudi. Mama Mdogo alimtumia fedha zote alizowahi kukatwa. Kiasi hicho hakikuhitaji kukadiriwa: makato yake yaliandikwa kwa usafi kuliko kitu kingine chochote kwenye kauntabuku ile, tarehe kwa tarehe.

Wewe mwenye mgahawa unayesoma hapa, kabla hujalipia programu yoyote, fungua ukurasa wa makato ya wafanyakazi wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara mpaka iwe ilitokea kazini kwa kosa lake, umempa maelezo na kiasi kwa maandishi, na umempa nafasi ya kupinga. Na hata hapo makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kama huwezi kuandika karatasi hiyo moja kwa mtu mmoja, mrudishie fedha zake.